Saa ya Tumaini: historia ya saa za majira mawili

Tarehe 10 Desemba 2019, katika mnada wa kampuni ya Phillips mjini New York, saa ya mkononi iliyochakaa iliuzwa kwa dola za Kimarekani 1,952,000. Ilikuwa Rolex GMT-Master, toleo namba 1675, ya chuma cha pua, na ilikuwa na upungufu: pete ya rangi inayozunguka kioo, ambayo ndiyo fahari ya saa hizo, haikuwepo. Mwigizaji Marlon Brando alikuwa ameing'oa alipokuwa akicheza filamu ya Apocalypse Now iliyotoka mwaka 1979, na kwa mkono wake mwenyewe akachonga jina lake kwenye mfuniko wa nyuma. Saa nyingine za toleo hilo, nzima na zenye pete zake, ziliuzwa wakati huo kwa sehemu ndogo mno ya bei hiyo.

Msomaji wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, au wa Area 25 pale Lilongwe, ana haki ya kuuliza habari hii inamhusu nini. Inamhusu sana. Saa zinazosoma majira mawili kwa pamoja zilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao mwili uko hapa na shughuli, au jamaa, wako kwingine. Historia yake huandikwa kana kwamba ni ya marubani na matajiri wa Geneva peke yao. Lakini imepita pia katika machweo ya Istanbul na Zanzibar, katika misafara iliyozunguka Ziwa Malawi, na katika milima ya Fizi huko Kongo walikotoka baadhi ya majirani zetu. Sehemu hiyo ya historia ni yetu, na makala haya yanaieleza.

Saa tatu na naini koloko

Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita hamsini hivi kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Kabla ya hapo ilikuwa gereza ambamo utawala wa Kamuzu Banda uliwafungia wapinzani wake. Ilipangwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000; leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda.

Nenda sokoni asubuhi, jua likiwa limeshapanda, uulize saa. Mrundi atakujibu *isaha zitatu*. Mnyarwanda atasema *saa tatu*, na Mswahili vilevile. Mmalawi aliyeleta nyanya kutoka kijiji cha jirani atasema *naini koloko*. Wote wamesema kweli. Watatu wa kwanza wanahesabu tangu kulipokucha. Wa nne anahesabu tangu usiku wa manane, kama Waingereza waliomtawala babu yake walivyohesabu. Mfanyabiashara wa Dzaleka anayepokea bidhaa kutoka Lilongwe hubadili hesabu hizo kichwani mara nyingi kwa siku bila hata kutua.

Hiyo ni tofauti ya hesabu. Ipo pia tofauti ya mahali. Lilongwe, Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi ziko saa mbili mbele ya Greenwich. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele. Anayevuka mpaka wa Songwe kuingia Tanzania hupoteza saa nzima darajani, na akirudi huipata. Kwa Mkongo si jambo geni, kwani nchi yake mwenyewe ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Bukavu. Ongeza sasa ndugu waliohamishiwa Kanada, Marekani au Australia. Lilongwe ikiwa adhuhuri, Edmonton bado kuna giza la alfajiri na Adelaide watu wamekwisha kula chakula cha jioni. Simu ikipigwa bila kuhesabu, hulia kando ya kitanda cha mtu aliyelala.

Mafundi wa saa wa Ulaya walishughulika na tofauti zote mbili, ya hesabu na ya mahali. Walianza na ile ya hesabu.

Wateja wa kwanza walikuwa watu wa machweo

Katika himaya ya Uthmaniya watu walihesabu saa kuanzia kuzama kwa jua. Jua likitua ni saa kumi na mbili, na siku mpya imeanza. Mtindo huo waliuita *alaturka*. Kando yake kulikuwa na *alafranga*, hesabu ya Wazungu inayoanza usiku wa manane, iliyotumika kwenye reli, meli, simu za maandishi na benki. Mfanyabiashara wa Istanbul alizihitaji zote mbili: moja asikose sala, nyingine asikose treni.

Ndipo mwaka 1908 kampuni ya Longines, kutoka mji mdogo wa Saint-Imier nchini Uswisi, ikatengeneza kwa ajili ya soko hilo saa ya mfukoni iliyoonyesha nyakati mbili kwa pamoja. Mwaka 1925 kampuni hiyo hiyo ikatoa saa ya mkononi yenye uwezo huo. Wakati huo ndege za abiria zilikuwa bado changa, na hakuna rubani aliyekuwa akivuka bahari tano kwa wiki. Aliyeifungulia njia saa ya majira mawili ni Mwislamu wa mjini aliyeishi kati ya adhana na ratiba ya treni.

Mswahili wa pwani anamfahamu mtu huyo, kwa kuwa naye aliishi hivyo hivyo. Zanzibar, siku ilianza magharibi. Ndiyo maana mpaka leo wazee wakisema usiku wa Ijumaa, huenda wanakusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Tofauti ni kwamba Istanbul iko mbali na Ikweta, hivyo machweo yake husogea sana kati ya kiangazi na kipupwe, na saa ya *alaturka* ilibidi irekebishwe kila mara. Pwani yetu jua halina haraka ya kuhama. Kwa hiyo hesabu yetu ilitulia kwenye tofauti ya saa sita kamili, ikawa rahisi kubebwa na misafara na wafanyabiashara hadi bara: Ujiji, Bujumbura, Kigali, na Nkhotakota hapa Malawi, ambako akina Jumbe, wafanyabiashara Waswahili, walijenga mji wao kando ya ziwa katika karne ya 19.

Zanzibar saa ilikuwa pia jambo la dola. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilipata mnara wake wa saa katika ukarabati uliofuata mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Mnara huo ulisimama zaidi ya miaka 120, hadi Desemba 2020 sehemu ya jumba ilipoporomoka. Aliyepita Forodhani kabla ya hapo ameiona saa ambayo mji mzima uliinua macho kuitazama.

Miezi iliyogawa saa na ardhi

Saa za dunia hazikugawanywa na maumbile. Zilikubaliwa mezani. Mwezi Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa zaidi ya ishirini walikutana Washington na kuamua kwamba mstari wa sifuri wa longitudo upite Greenwich, Uingereza. Afrika nzima iliwakilishwa na Liberia peke yake. Mjumbe wa Uthmaniya, Rustem Efendi, alisimama akaeleza kwamba watu wake wana hesabu mbili za saa, na kwamba wengi wao ni wakulima ambao jua ndilo linalowaongoza. Wasitegemewe kuacha desturi yao kwa siku moja. Aliyoyasema yangeweza kusemwa vilevile na mjumbe wa Zanzibar au wa Urundi, lau wangekuwapo.

Mkutano wa Washington ulifungwa mwanzoni mwa Novemba. Tarehe 15 ya mwezi huo huo ukafunguliwa mkutano wa Berlin uliopanga taratibu za kugawana Afrika. Ndani ya majira hayo ya baridi, dunia ikapata mstari wake wa saa na bara letu likawekwa tayari kwa mistari yake ya mipaka. Mkimbizi anayevuka Songwe leo huvuka yote miwili kwa hatua moja.

Kabla ya hapo, wasafiri walibeba majira mawili kwa njia nzito zaidi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Ukiwa na kronomita inayotunza saa ya Greenwich, ukalinganisha na jua la hapo ulipo, tofauti ya saa hukupa longitudo yako. David Livingstone aliyefika Ziwa Malawi mwaka 1859 alitegemea hesabu hiyo. Mwanzoni mwa 1867, baada ya kulipita ziwa akielekea nchi ya Wabemba, kronomita zake zilitikisika wabebaji walipoteleza na kuanguka, na vipimo vyake vya longitudo vikapotoka. Katika msafara huo alikuwamo Chuma, kijana Myao wa upande huu wa ziwa, ambaye miaka sita baadaye yeye, Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Walioibeba saa ya Greenwich mabegani, wakiipitisha mitoni na vichakani, walikuwa vijana wa huku, na lugha ya misafara kama hiyo ilikuwa Kiswahili.

Mshale wa nne

Ndege za masafa marefu ndizo zilizoifanya saa ya majira mawili kuwa maarufu duniani. Mwaka 1953 kampuni ya Glycine ilitoa Airman, saa yenye uso wa saa 24. Katikati ya miaka ya 1950 shirika la ndege la Pan American lilihitaji saa kwa marubani wake, na Rolex ikaleta GMT-Master, toleo 6542. Pete yake ya kwanza ilikuwa ya bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, yenye namba zilizopakwa radiamu ili zing'ae gizani. Pete hizo zilipasuka ovyo, Rolex ikazibadilisha kwa za alumini. Ndiyo sababu 6542 iliyobaki na bakelaiti yake huwaniwa na wakusanyaji kwa fedha nyingi. Mwaka 1959 likaja toleo 1675 lililodumu hadi 1980, na hilo ndilo aliloling'oa pete Brando.

Utendaji wake ni mwepisi na unafaa kuangaliwa kwa karibu. Saa ya kawaida ina mishale mitatu: ya saa, ya dakika na ya sekunde. GMT-Master ina wa nne, mwembamba, wenye pembetatu nchani, unaozunguka uso mara moja tu kwa siku. Pete iliyo nje ina namba hadi 24, nusu nyekundu ya mchana na nusu ya buluu ya usiku, na huzungushwa kwa vidole. Tuseme uko Lilongwe adhuhuri na pete iko mahali pake: mshale wa nne unaelekea chini kabisa, kwenye 12. Unataka saa ya Dar es Salaam? Zungusha pete hatua moja kinyume na mwendo wa mishale. Sasa chini pana 13, yaani saa saba mchana. Unataka Greenwich? Irudishe ilipokuwa, kisha uizungushe hatua mbili upande wa pili. Mshale utasoma 10.

Sasa fanya jambo ambalo vijitabu vya maelezo haviligusi. Zungusha pete hatua sita kufuata mwendo wa mishale, mpaka alama ya sifuri iwe upande wa kulia palipo na tatu. Saa ya kawaida ikisema 9 asubuhi, mshale wa nne utasoma 3. Ikisema adhuhuri, utasoma 6. Jua likitua utasoma 12, na usiku ukiingia utasoma 13, ambayo ukitoa kumi na mbili ni saa moja ya usiku. Rangi za pete hazitafuata tena mchana na usiku, lakini hesabu ni sahihi kila dakika. Saa iliyobuniwa kwa ajili ya rubani wa Pan Am inamsomea Mrundi na Mmalawi kwa pamoja, na hakuna aliyelazimika kuifungua.

Kuna kitu kimoja isichokiweza. Hadi karibu na uhuru, Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Rubani aliyetua Nairobi katika miaka hiyo na GMT-Master mpya mkononi ilimbidi ajumlishe hizo dakika mwenyewe. Mwenye ndugu Adelaide leo yuko katika hali hiyo hiyo, kwani mji huo una nusu saa yake ya pembeni.

Sambamba na hayo, Geneva kulikuwa na fundi mmoja, Louis Cottier, aliyefanya kazi katika karakana ndogo na kubadili historia ya fani yake. Mwaka 1931 alibuni mtambo unaoonyesha saa za dunia nzima kwa mara moja, majina ya miji yakiwa yameandikwa kuuzunguka uso. Kampuni ya Patek Philippe ilitumia mtambo wake katika matoleo 1415 na 2523. Mwaka 1959 ilipatikana hataza ya mtambo mwingine wa Cottier, ambao kwa kubonyeza kitufe humwezesha msafiri kusogeza mshale wa saa hatua moja mbele au nyuma bila kugusa dakika. Cottier alifariki mwaka 1966. Saa zake nyingi zilitoka na majina ya makampuni, lake likabaki ndani.

Saa ya Tumaini

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, mashua iliyotoka Kigoma ilivuka Ziwa Tanganyika na alfajiri ikafika Kibamba, upande wa Kongo. Ndani yake alikuwamo Ernesto Che Guevara na kikosi cha kwanza cha Wakuba waliokwenda kuwasaidia waasi wa mashariki. Walijipa majina ya Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, Che akawa Tatu. Miongoni mwa Wakuba hao, ambao jumla yao ilizidi mia moja, alikuwamo kijana Carlos Coello. Yeye alipewa jina la Tumaini.

Vita vile havikufanikiwa. Mashambulizi ya mwishoni mwa Juni mahali paitwapo Bendera yalishindwa, na tarehe 21 Novemba 1965 Wakuba wakavuka ziwa kurudi Kigoma. Miaka miwili baadaye baadhi yao walikuwa na Che Bolivia, vitani tena. Carlos Coello aliendelea na jina alilolipata kwetu, likiwa limefupishwa: Tuma.

Zipo picha za miaka ya 1960 zinazomwonyesha Che amevaa Rolex GMT-Master, na wakusanyaji wa saa wamezitazama mno. Mimi naona iliyo muhimu zaidi ni saa nyingine. Tarehe 26 Juni 1967 Tuma alipigwa risasi tumboni. Che aliandika usiku ule katika shajara yake kwamba Tuma alipoanguka aliomba saa yake apewe Che, na kwamba wenzake walipochelewa kwa kuwa walikuwa wakimhudumia, aliivua mwenyewe akamkabidhi mmoja wao. Che alielewa maana yake: ilitakiwa ifike kwa mtoto ambaye Tuma alikuwa hajamwona. Akaandika kuwa ataibeba muda wote wa vita.

Aliibeba. Kapteni Gary Prado, ambaye kikosi chake kilimkamata Che tarehe 8 Oktoba 1967, alisimulia baadaye kwamba mateka wake alikuwa na Rolex mbili na askari walikuwa wamempokonya. Prado akazirudisha. Che akamweleza kuwa moja ni yake na nyingine ni ya mwenzake aliyekufa, kisha akaitia yake alama ya X kwa jiwe ili zisichanganywe. Kesho yake Che aliuawa La Higuera. Félix Rodríguez, Mkuba aliyefanya kazi na CIA na aliyekuwapo siku ile, naye amesema kwa miaka mingi kwamba saa ya Che aliichukua yeye.

Hapa Dzaleka tuna tamasha la kila mwaka lililoanzishwa mwaka 2014, linaloleta wanamuziki na wageni kutoka Lilongwe na nchi za mbali. Linaitwa Tumaini. Kambini wamo wazee waliozaliwa Fizi, Baraka na Uvira, ambao mwaka 1965 walikuwa watoto au vijana. Wanahistoria wa Ulaya na Amerika wamepekua kila ukurasa wa vita vile. Wazee hawa nao waulizwe walichokiona, kabla hawajatutoka.

Nyundo ya dalali

Mkazi wa Lilongwe haelezwi mnada ni nini. Kila msimu wa tumbaku magari hupanga foleni Kanengo, marobota hupangwa kwa safu, wanunuzi hupita na dalali, na mkulima asiyeridhika na bei ana haki ya kulikatalia robota lake lisiuzwe. Mnada wa saa una taratibu za namna hiyo. Kuna makadirio yanayochapishwa kwenye katalogi, kuna bei ya chini ambayo muuzaji huafikiana na dalali kwa siri, na saa isipoifikia bei hiyo hurudi kwa mwenyewe. Mnunuzi hulipa juu ya bei ya nyundo ada ya nyumba ya mnada, mara nyingi robo ya bei au zaidi kidogo, na bei zinazotangazwa magazetini huwa zimeijumlisha.

Minada ya saa pekee si ya zamani sana. Ilipata nguvu Geneva kupitia Antiquorum, nyumba iliyoanzishwa na Osvaldo Patrizzi katika miaka ya 1970. Aprili 1989 aliandaa mnada wa Patek Philippe peke yake, na saa ya mfukoni iitwayo Calibre 89 ikaitikisa dunia ya biashara hiyo. Tangu hapo bei zilipanda ngazi. Mwaka 2002 Patek 1415 ya platinamu, yenye mtambo wa Cottier, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 4. Novemba 2019 toleo 2523, lenye mtambo wa Cottier pia, liliuzwa na nyumba ya mnada ya Christie's huko Hong Kong kwa dola za Hong Kong 70,175,000, karibu dola za Kimarekani milioni 9. Oktoba 2024 GMT-Master ya Edgar Mitchell, mwanaanga aliyefika mwezini kwa chombo cha Apollo 14, ilipita dola milioni 2.

Kinachonunuliwa hapo ni nini? Dhahabu ya saa haifiki bei hiyo, na mashine iliyomo hushindwa usahihi na simu ya mkononi. Kinacholipiwa ni ushahidi: nani aliivaa, alikwenda nayo wapi, na nani anaweza kuthibitisha. Saa ya Brando ilikuja na herufi zilizochongwa kwa mkono wake, picha za filamu na maelezo ya binti yake aliyepewa saa hiyo. Ushahidi ukiyumba, mnada nao huyumba. Patek Philippe toleo 2497 ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, nchi inayohesabu saa kama sisi, iliingizwa mnadani na Christie's Geneva mwaka 2015, ikaondolewa kwa sababu ya mgogoro wa umiliki. Ilirudi Novemba 2017 mgogoro ulipokwisha, ikauzwa kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 2.8.

Saa iliyo mkononi mwako

Rolex nyingi zinazotembezwa mitaani Lilongwe ni bandia, na GMT-Master huigwa sana. Jaribio la kwanza ni mshale wa nne: katika baadhi ya nakala ni pambo tu, haufuati mshale wa saa. Anayetaka majira mawili kwa bei ya mtu wa kawaida ana njia. Seiko ilitoa Navigator Timer yenye mshale wa saa 24 mwaka 1968, na mwaka 2022 ikauleta uwezo huo katika familia ya Seiko 5. Casio AE-1200, saa ya plastiki inayowezwa na wengi, ina miji 48. Lilongwe haimo, wala Bujumbura; mtu wa Dzaleka huchagua Cairo, ambayo katika saa hiyo huhesabiwa saa mbili mbele ya Greenwich, halafu huweka mji wa ndugu yake.

Lakini wapo pia wenye saa za zamani za kweli. Baba alinunua Bukavu biashara ilipokuwa nzuri, babu alizawadiwa mgodini Katanga au alileta kutoka Bujumbura, mwingine aliiokota katika kaunjika, soko la mitumba, bila kujua ni nini. Kwa hao nina maneno matatu. Usikubali fundi aupake rangi uso wa saa au kuusugua mwili wake ung'ae. Uzuri huo mpya hushusha thamani kuliko mikwaruzo. Kipande chochote kikibadilishwa, mwambie fundi akurudishie cha zamani. Na kama namba zake ziling'aa gizani enzi za miaka ya 1950, usizikwangue, kwa sababu radiamu ni sumu hata baada ya mwanga wake kufa.

La mwisho ni hati. Mkimbizi haelezwi uzito wa karatasi. Ameuona kila alipopanga foleni. Mwaka 2023, serikali ilipoagiza waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, watu walilazimika kuamua haraka nini cha kubeba na nini cha kuuza. Katika haraka kama hizo saa ya babu huuzwa kwa bei ya mkanda wake, kwa kuwa hakuna aliyeandika ni ya nani na ilitoka wapi. Andika basi, kwenye karatasi moja: jina la aliyeinunua, mji, mwaka, na mikono iliyopitia. Ipige picha ikiwa mkononi mwa mzee. Tafuta picha ya zamani ambamo ameivaa. Weka vyote pamoja na vyeti vya familia.

Huenda saa hiyo haitafika Geneva kamwe. Hata hivyo mjukuu aliyezaliwa Edmonton au Adelaide ataishika na kujua ilivuka ziwa gani, mwaka gani, mkononi mwa nani. Saa ya Tumaini inajulikana mpaka leo kwa sababu mtu mmoja, jioni ya siku ngumu, alichukua kalamu akaandika jinsi alivyoipokea. Wenye saa wa Dzaleka na Lilongwe nao wachukue kalamu.